Mtetemo Una Milango Mingi Mwilini

Ukipanda feri Likoni, simama karibu na ukingo ufanye jambo dogo. Gusa chuma kwa ncha za vidole, kisha kwa kiwiko. Injini ni ile ile, lakini vidole vitakusimulia mengi na kiwiko machache. Nyayo nazo, hata ukiwa na ndara, zina habari zao.

Kiswahili kilishaliona hili: twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia maumivu. Mtetemo pia husikika kila mahali, ila si kwa namna moja. Chini ya ngozi vimo vipokezi vya Pacini, kila kimoja urefu wa kama milimita moja, kimefungwa tabaka juu ya tabaka mithili ya kitunguu. Huamka zaidi kwa mitetemo ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde, na hapo ncha ya kidole hutambua msogeo usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Juu yake, karibu na uso wa ngozi, kuna vipokezi vya Meissner vinavyopokea mitetemo ya polepole, kama mara 30 kwa sekunde. Vidole vimejaaliwa aina zote mbili kwa wingi. Ngozi yenye vinyweleo ina uhaba.

Kifua kina mlango wake. Besi ya matatu hupita hewani ikatikisa mbavu kabla hujatambua wimbo gani unapigwa, na kiziwi aliyesimama karibu na msondo huifuata ngoma kwa kifua na nyayo.

Kwa aliyeketi, mambo hubadilika. Kiti kikimrusha juu na chini kama mara 5 kwa sekunde, kiwiliwili hakipunguzi mtikisiko huo, bali huukuza. Ndiyo maana dereva wa tuktuk anayeshinda kwenye barabara ya mashimo hulalamikia kiuno na mgongo. Polepole zaidi ya hapo, wimbi moja kila sekunde 5 hivi, ngozi haina la kusema. Sikio la ndani ndilo hulalamika, na msafiri wa mashua wakati wa kusi hutapika.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni mafundi wa mashine za kukatia chuma na za kuvunjia zege. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachongaji mawe wa Bedford, Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe kwenye baridi. Hapa Mombasa joto huficha weupe huo. Fundi hungoja dalili isiyokuja, huku mishipa ya fahamu ikiumia. Kwetu dalili ya kuangalia ni ganzi: vidole vinachonyota usiku, kifungo cha shati hakishikiki. Tena mashine yenyewe hupumbaza vidole kwa muda, kwa hiyo fundi hukaza mkono ili aisikie vizuri, na kadiri anavyokaza ndivyo mtetemo unavyozidi kumwingia. Shika kwa wepesi unaoruhusu usalama, pumzika mara kwa mara, badilisha diski iliyochakaa. Ganzi isiyoisha baada ya kazi ni ya kumwona daktari, si ya kuchuliwa mafuta ya nazi.

Nyayo zina jambo lake pia. Uwezo wa kusikia mtetemo hupungua kwa umri, na kwa mwenye kisukari huweza kupotea mapema, kabla hajahisi lolote. Tunaupima kwa uma wa chuma wenye meno mawili, unaotetema mara 128 kwa sekunde ukigongwa, tukiukita juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu. Namwomba mgonjwa afumbe macho aniambie utakaponyamaza. Akisema umenyamaza ilhali mimi bado nausikia mkononi mwangu, namvua viatu vyote viwili nikague nyayo nzima, maana mguu huo unaweza kukanyaga msumari ukarudi nao nyumbani.