Mafuta ya Ziwa Albert: ugomvi ulitangulia pipa la kwanza

Mafuta yenye thamani ya biashara yalithibitishwa Bonde la Albertine, magharibi mwa Uganda kando ya Ziwa Albert, mwaka 2006. Mwaka uliofuata damu ilikuwa imeshamwagika. Tarehe 3 Agosti 2007, karibu na kisiwa cha Rukwanzi, Mwingereza aliyefanya kazi kwa mkandarasi wa kampuni ya Heritage Oil aliuawa askari wa Uganda na wa Kongo walipofyatuliana risasi ziwani. Wakati huo hapakuwa na bomba wala kiwanda, na hakuna pipa lililokuwa limeuzwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tusubiri mafuta yatoke ndipo tuanze kuogopa migogoro. Mafuta huleta mgogoro tangu siku yanapoandikwa kwenye karatasi: ramani ya mpaka, mkataba, makadirio ya kodi, fomu ya fidia. Na kila karatasi ikigombaniwa huko juu, ucheleweshaji wake humwangukia mkulima wa Buliisa au Kikuube, wilaya zenye mafuta, ambaye hakuwahi kualikwa kwenye kikao chochote.

Tuanze na mpaka. Mstari kati ya Uganda na Kongo unatokana na makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1915, na sehemu yake hufuata mto Semliki. Mto huo huhama. Maji yakila ukingo upande mmoja, ardhi hubaki ng'ambo isiyo yake. Wavuvi waliishi na utata huo miaka mingi bila bunduki. Ulipoanza upimaji wa mitetemo, yaani kutafuta mafuta kwa mawimbi yanayopenya ardhini, chini ya ziwa, kila kilomita ya maji ikapata bei. Tena Heritage na Tullow, zilizokuwa na vitalu, yaani maeneo waliyopewa kutafuta mafuta, Uganda, zilikuwa zimesaini mwaka 2006 mkataba wa vitalu vya upande wa Kongo pia, na Kinshasa ikaukataa baadaye. Kampuni ikiwa na madai pande zote mbili za mpaka usio na alama, kila serikali huanza kushuku kwamba meli ya utafiti ni jasusi wa jirani. Mwezi Septemba 2007 Rais Museveni na Rais Kabila walikutana Ngurdoto, Arusha, wakakubaliana alama za mpaka zipitiwe upya na mafuta yatakayokutwa yamevuka mpaka yashughulikiwe kwa pamoja. Kikao hicho kilipunguza risasi. Mto haukuacha kuhama.

Sasa mikataba, ambako wageni na serikali hugombana kwa kalamu. Uganda hutumia mkataba wa kugawana uzalishaji. Kampuni huweka mtaji wake, nayo serikali huchukua mrabaha kwanza, juu ya mafuta yote yatokayo. Katika mikataba ya zamani mrabaha huo hupanda kutoka asilimia 5 hadi 12.5 kadiri mapipa ya siku yanavyoongezeka. Baada ya hapo kampuni hujirudishia gharama zake hadi kikomo kilichokubaliwa, na yanayobaki ndiyo mafuta ya faida yanayogawanywa. Hatari kubwa iko kwenye gharama. Kila dola ambayo mkaguzi anaikubali kuwa gharama halali hutoka kwenye fungu la kugawana. Asiyejua kukagua ankara za kuchimba kisima atabishana juu ya asilimia huku fedha zikipita mlango mwingine.

Mlango wa pili ni kuuza hisa. Mwaka 2010 Heritage iliiuzia Tullow sehemu yake ya vitalu vya Uganda kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilidai kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida ya kuuza mali, ya asilimia 30, jumla dola milioni 434. Heritage ilikataa, na kesi ikapita Baraza la Rufaa za Kodi Kampala hadi meza ya usuluhishi London. Uganda ilishinda. Kisha mwaka 2017 ikajulikana kwamba maafisa 42 walioshughulikia kesi hiyo walipewa zawadi ya shilingi bilioni 6, na Bunge likaanza uchunguzi. Ushindi wa taifa ukageuka kuwa ugomvi wa ndani, na kwangu hilo ni funzo zito kuliko kesi yenyewe: mgeni akishindwa, bado kuna swali la nani anashika fedha na kwa ruhusa ya nani.

Kodi hiyohiyo ilirudi tena. Mwaka 2017 Tullow ilitangaza kuuza sehemu kubwa ya hisa zilizobaki kwa dola milioni 900. Wakashindwana na serikali juu ya kodi, na Agosti 2019 mpango ukafa. Mwaka 2020 Tullow iliuza kila kitu kwa Total ya Ufaransa, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, kwa dola milioni 575. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, yaani kampuni kujifunga kutoa mtaji wa mradi, ukaja tarehe 1 Februari 2022, na tarehe iliyotangazwa ya mafuta ya kwanza, 2025, nayo ikapita. Leo TotalEnergies ina asilimia 56.67 ya vitalu, CNOOC ya China 28.33, na Kampuni ya Taifa ya Mafuta, UNOC, 15.

Wanyoro, wenyeji wa eneo la mafuta, huuliza: sisi tunapata nini? Tufanye hesabu kwa makadirio rahisi. Mafuta yetu yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida, kwa hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe moto lisishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Hilo ni ghali: ushuru wa kusafirisha pipa moja ni dola 12.77. Bei ya dunia ikiwa dola 70, pipa linapotoka Hoima lina thamani ya dola 57.23. Tuchukue mrabaha wa juu kabisa, asilimia 12.5: dola 7.15. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inaiachia serikali kuu asilimia 94 ya mrabaha, na asilimia 6 inakwenda kwa serikali za mitaa: senti 43. Nusu yake ni ya zile zenye uzalishaji, yaani senti 21 kwa pipa, na nusu nyingine hugawanywa kwa kuangalia idadi ya watu, ukubwa wa eneo na hali yake. Taasisi ya kimila iliyotambuliwa rasmi hupata asilimia 1 ya fungu la serikali kuu, kama senti 7. Kwa mapipa 230,000 kwa siku, wilaya zote zenye visima zingegawana takribani dola milioni 18 kwa mwaka. Ufalme wa Bunyoro-Kitara umedai zaidi kwa miaka mingi, na hesabu hii inaonyesha kwa nini dai hilo halitakufa. Ajabu ni kwamba wanasiasa wachache sana huifanya hadharani.

Wengine hujibu kwamba sheria nzuri inatosha. Waitazame Chad. Benki ya Dunia iliunga mkono bomba la kilomita 1,070 hadi pwani ya Kamerun kwa sharti la sheria ya mwaka 1999 iliyoelekeza fedha kwenye afya, elimu na kizazi kijacho. Tayari mwaka 2000 sehemu ya malipo ya awali ya kampuni ilinunua silaha, kwa kuwa fedha hiyo haikutajwa katika sheria. Mwaka 2006 N'Djamena iliibadilisha sheria yenyewe na kuingiza usalama kati ya matumizi ya kipaumbele, na mwaka 2008 Benki ikajitoa. Tundu lilikuwa kwenye fedha zinazotangulia uzalishaji, na Uganda pia fedha za kwanza kubwa zilikuwa za aina hiyo: kodi za mauzo ya hisa na ada za kusaini. Kwa hiyo anayefuatilia Mfuko wa Petroli, ambako fedha za mafuta za serikali huwekwa, asingoje mapipa. Asome kila mwaka kiasi ambacho Bunge limeruhusu kitoke mfukoni kwenda bajeti, na aulize kimejenga nini. Uganda ilijiunga mwaka 2020 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya madini na mafuta. Ripoti zake zinaweka malipo ya kampuni kando ya mapokezi ya serikali, na tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo ya kuulizia.

Nimeiacha ardhi mwisho kwa sababu ndiko maumivu yalikojaa. Katiba, ibara ya 244, inaipa serikali mafuta yaliyo chini. Ibara ya 26 inamlinda mwenye ardhi ya juu: alipwe fidia ya haki, kwa wakati, kabla ya kuondolewa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Asumani Irumba dhidi ya mamlaka ya barabara, ilithibitisha kwamba serikali haiwezi kutwaa kwanza na kulipa baadaye.

Kwa kawaida kazi ya kutwaa ardhi huenda hivi. Mradi hukutana na kijiji na viongozi wa LC1, baraza la kijiji. Wapimaji hutembea mipaka, huhesabu kila mti na kila kibanda, na mwenye mali husaini fomu ya tathmini. Hutangazwa tarehe ya ukomo: kitakachopandwa au kujengwa baada yake hakilipwi. Bei za mazao na nyumba zisizo za kudumu hutoka Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Ardhi hukadiriwa kwa bei ya soko, na nyumba za kudumu za vijijini kwa gharama ya kuzijenga upya, ikipunguzwa kwa uchakavu. Mthamini Mkuu wa Serikali hupitisha. Kisha mtu huitwa kuonyeshwa kiasi chake, akasaini au akakataa. Sheria ya Ardhi huongeza posho ya usumbufu: asilimia 15, au 30 kama notisi ya kuhama ni chini ya miezi sita. Kwenye mali ya shilingi milioni 8 tofauti ni milioni 1.2 dhidi ya milioni 2.4, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye notisi si jambo dogo.

Panapoharibika zaidi ni kati ya ukomo na malipo. Kwa familia nyingi za njia ya bomba ukomo uliwekwa 2018 na 2019, na malipo yakaanza kufika 2021 na kuendelea. Ugomvi wa kodi ya Tullow ulikuwa umechelewesha mradi huko Kampala. Huku kijijini mtu haezeki nyumba, hapandi kahawa, benki haimkopeshi, na bei ya shamba analotarajia kununua kwingine inapanda kila msimu. Kwa kweli mazao ya muda mfupi kama maharage huruhusiwa, lakini wengi waliambiwa, au walielewa, wasipande kitu. Kabaale, eneo la kiwanda cha kusafishia mafuta lenye zaidi ya kilomita za mraba 29 na watu 7,118, waliochagua ardhi badala ya fedha walihamia Kyakaboga mwaka 2017, miaka mitano baada ya mpango kuandaliwa.

Basi piga picha kila ukurasa wa fomu kabla wapimaji hawajaondoka. Hakikisha miti imegawanywa kwa umri, kwa kuwa mche na mti uliokomaa hazina bei moja. Jina kwenye fomu, kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki lazima lifanane herufi kwa herufi. Kama ardhi ni ya marehemu, anza kutafuta barua za usimamizi wa mirathi mapema. Faili nyingi hukwama hapo. Mke au mume lazima akubali kwa maandishi. Kwenye ardhi ya kimila, ndugu wakae wakubaliane mipaka kabla kipimo hakijaingia shambani, kwani kipimo huamsha kesi zilizolala tangu enzi za babu. Lalamiko lolote liandikwe, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe.

Kukataa kusaini peke yake hakuzuii mradi. Tarehe 8 Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Hoima, siku chache tu baada ya serikali kufungua shauri, iliruhusu fidia za familia 42 za Tilenga, mradi wa visima wa TotalEnergies, ziwekwe mahakamani na ardhi ichukuliwe. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno kwa jambo linaloondoa watu makwao. Lakini ndiyo hali ilivyo, na anayekiona kiasi ni kidogo ajiandae nayo: atafute mthamini aliyesajiliwa amwandikie ripoti ya pili huku mimea na nyumba bado zimesimama, achukue orodha ya bei za Bodi ya Ardhi ya mwaka husika, na amkabidhi wakili vyote viwili kabla wito wa mahakama haujafika.