Baridi haimpi mtoto nimonia: dhana potofu kuhusu vuli ya Uingereza

"Usimtoe mtoto nje, atashikwa na nimonia." Kauli hii haiishi katika familia za Waswahili zilizohamia Uingereza. Vuli ya nyumbani ni mvua. Vuli ya huku ni majani kupukutika kuanzia Septemba. Yakianza tu kuanguka, mtoto anafungiwa ndani, tableti inawashwa, na anakuja kuonja hewa ya nje Aprili.

Mafua yanaletwa na virusi. Nimonia inaletwa na bakteria au virusi, mara chache fangasi. Hewa baridi inaweza kudhoofisha kidogo kinga ya puani, lakini pasipo na kirusi hakuna mafua. Na kirusi kinapenda sebule iliyofungwa madirisha, hita inawaka, watu sita wanavuta hewa ileile. Bustanini hewa inapita. Norway na Denmark watoto wachanga hulazwa usingizi wa mchana nje, ndani ya vigari vyao, hata wakati wa baridi kali.

Wapo watoto wanaohitaji tahadhari ya kweli. Mwenye pumu afungwe skafu puani na mdomoni, na inhela yake iwe mfukoni mwa mzazi, isiachwe nyumbani. Mwenye seli mundu asipoe wala kulowa, kwa sababu baridi inaweza kuamsha maumivu: avae vizuri, anywe maji ya kutosha, matembezi yawe mafupi. Hao nao wanatoka.

Kinachomtesa mtoto nje ni kulowa, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanamvika fulana tatu za pamba na sweta. Pamba inanyonya jasho na kulishika. Mtoto akisimama kupumzika, anatetemeka. Mvisheni tabaka tatu. Ya ndani iwe nyembamba, ya sufu laini au poliesta. Ya kati iwe flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi. Ya juu iwe jaketi na suruali visivyopitisha maji. Miguu ya suruali ishuke juu ya gambuti. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mvua yanaishia kwenye soksi. Gambuti ibaki na nafasi ya kama sentimita moja mbele ya vidole. Soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana zinazidisha baridi, kwa sababu damu haipiti vizuri na hakuna hewa ya kushika joto.

Usipime joto la mtoto kwa viganja, kwani viganja hupoa mapema. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo, chini ya kola. Pakiwa pa moto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na jasho, mvue tabaka moja. Pakiwa pa baridi, rudini. Beba soksi za akiba na chupa ya uji wa moto. Uji, si soda: mtoto aliyeshiba uji anacheza saa nzima bila kulialia.

Mkirudi garini, mvue jaketi nene kabla ya kumfunga mkanda. Gari likigonga, sufi ya ndani inabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike kwa jaketi hilohilo.

Eti jua la vuli linampa vitamini D ya kutosha. Halimpi. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ya nyeupe. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inashauri mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apewe mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Mpe, na bado mtoe nje.

Eti kupe ni wa kiangazi tu. Wapo vuli yote. Jioni kagua nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja juu. Usimpake mafuta, usimchome kwa kiberiti. Duara jekundu likitokea siku au wiki zinazofuata, mpeleke mtoto kwa daktari.

Eti chestinati zote zinaliwa. Ile ya kuchoma ina ganda lenye miiba myembamba, mingi kama ya nungunungu, na mbegu yake ina ncha yenye kishungi. Konka, yaani mbegu za chestinati-farasi wanazookota watoto, zina ganda lenye miiba michache mifupi na mbegu ya mviringo isiyo na ncha. Konka ni sumu. Na uyoga usiguswe kabisa: kuna aina ambayo kupika hakuondoi sumu yake, na dalili huchelewa saa kadhaa huku ini likiharibika.

Eti bila simu mtoto hatulii. Hatulii kwa sababu ameambiwa "tutembee". Mtoto wa miaka minne anataka kazi. Mpe trei tupu ya mayai 12 na umwambie kila shimo liwe na kitu tofauti: jani jekundu, kikombe cha mbegu ya mwaloni, unyoya, gome.

Mkubwa kidogo mfundishe bao kwa konka hizohizo. Zinatakiwa 64. Chimbeni mashimo ardhini, mistari minne ya mashimo manane, kila shimo konka mbili, aanze kusambaza. Kete mkizirudisha nyumbani, zitandazeni juu ya gazeti. Kwenye mfuko wa plastiki zitaota ukungu. Mwenye chini ya miaka mitatu akae mbali nazo, zinaweza kumkaba.