Gesi ya Sumu, Vijidudu na Sheria za Vita: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Marufuku ya silaha za kemikali imekufa, maana inavunjwa.

Halabja, Iraki, Machi 1988. Ghouta, kando ya Damascus, Agosti 2013. Kote wawili gesi ya sumu ilitumika, na waliouawa ni raia, wakiwemo watoto wengi, na hakuna mkataba utakaowarudisha. Lakini tazama wahusika walivyojitetea. Serikali ya Syria haikudai kwamba ina haki ya kutumia sarini, gesi ya sumu inayoshambulia neva. Ilikana, ikawatupia waasi lawama, kisha kwa shinikizo ikajiunga na Mkataba wa Silaha za Kemikali mwaka huohuo. Ilipobainika kuwa imeendelea kuzitumia, mwaka 2021 nchi wanachama ziliisimamishia haki ya kupiga kura. Mtu hajifichi kukiuka sheria asiyoitambua. Cha kuogopa ni siku serikali itakapotumia gesi, ikaitetea hadharani kuwa silaha halali, na wengine wakanyamaza.

Dhana: Silaha hizi zilikatazwa kwa sababu hazina faida vitani.

Waethiopia wanajua si kweli. Mwaka 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia gesi ya haradali askari na wanakijiji wasio na kinga yoyote, na iliwasaidia wavamizi kusonga mbele. Italia ilikuwa tayari imeridhia Itifaki ya Geneva ya 1925. Mfalme wa Ethiopia, Haile Selassie, alikwenda mwenyewe Geneva kulalamika mbele ya Shirika la Mataifa. Hakusaidiwa, na hiyo ni aibu isiyofutika.

Itifaki ile ilikataza kutumia tu, si kumiliki, na nchi nyingi zilijiwekea haki ya kulipiza. Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993, ulioanza kufanya kazi 1997, uliziba mianya hiyo: kuunda, kuhifadhi na kutumia vyote ni marufuku, na wakaguzi wa OPCW, shirika linalosimamia mkataba huo lenye makao The Hague, huingia hata kwenye viwanda vya kiraia. Ni kazi ya kuchosha, ya makaratasi na vipimo, nami naamini ndiyo inayoishikilia marufuku kuliko hotuba zote. Julai 2023 Marekani ilimaliza kuteketeza shehena yake, ya mwisho kati ya zilizotangazwa na nchi wanachama.

Dhana: Nchi zote zimejiunga.

Karibu zote, 193. Misri, Korea Kaskazini na Sudan Kusini bado. Israel ilitia saini bila kuridhia.

Dhana: Silaha za kibiolojia zinadhibitiwa vivyo hivyo.

Hapana, na hapa ndipo pa kutia wasiwasi. Mkataba wa 1972 hauna wakaguzi. Umoja wa Kisovieti uliuridhia huku ukiendesha mradi mkubwa wa siri. Mwaka 1979 kimeta kilivuja kutoka kituo cha kijeshi mjini Sverdlovsk, kikaua makumi ya watu; wakuu wakasingizia nyama yenye ugonjwa hadi Rais wa Urusi, Boris Yeltsin, alipokiri mwaka 1992. Kinachosaidia ni kwamba vijidudu havibagui adui na rafiki, na majeshi yanalijua hilo. Marekani iliachana nazo mwaka 1969, kabla mkataba haujaandikwa. Hata hivyo maabara zinazidi kuwa na uwezo kila mwaka, na kikundi kazi cha nchi wanachama, kilichoundwa Desemba 2022, kimekuwa kikijadili namna ya kuupa mkataba huu utaratibu wa uhakiki.