Clann ni watoto, si kabila

Nimesikia tena mfasiri wa filamu ya historia akitaja "kabila la MacDonald". Neno alilolifasiri ni clan, ambalo Waingereza walilipata kwa Wagaeli wa Uskoti, ndugu wa lugha wa Waayalandi na watu wa kisiwa cha Man. Kwa Kiswahili ni ukoo.

Kwa Wagaeli wenyewe, clann ni watoto. Hata leo Mwayalandi akitaka kujua kama umezaa, huuliza "An bhfuil clann agat?", una watoto? Kwenye kisiwa cha Man husema cloan, maana ileile.

Nalo halikuzaliwa huko. Ni planta ya Kilatini, yaani chipukizi, mche wa kupandikiza. Kiayalandi cha kale hakikuwa na sauti ya p, hivyo maneno ya kwanza kutoka Kilatini yalitamkwa kwa k, ambayo wao huiandika c: purpura (zambarau) ikawa corcur; pascha (Pasaka) ikawa cásc; planta ikawa cland, kisha clann. Wawelshi, watu wa Wales, walikuwa na p yao, wakasema plant, na kwao pia ni watoto! Baadaye Waayalandi walipokwisha kuizoea p, neno lilelile liliwarudia kwa sura ya planda, safari hii likiwa mmea tu. Hapa Mswahili hana haja ya kushangaa. Vijana wetu tunawaita chipukizi, na mgomba nao una watoto.

Kiingereza ndicho kilicholitawanya: clan kwa Wafaransa, klaani kwa Wafini. Njiani watoto wakasahaulika, zikabaki panga na vita.

Lakini kabila kwetu lina lugha yake na mila zake. Akina MacDonald na akina Campbell waliuana, na wote walisema Kigaeli. MacDonald ni mwana wa Domhnall, mjukuu wa Somerled aliyetawala visiwa vya magharibi karne ya 12. Ni kweli, wengi waliobeba jina hilo hawakuwa damu yake. Walilima ardhi ya mkuu wa ukoo wakachukua jina lake. Hata hao waliingia kwa jina la mzazi, kama watoto wa kulea.

Kwa hiyo, ndugu mfasiri, andika "ukoo wa MacDonald". Ukikuta Clann Domhnaill, "wana wa Domhnall" itakaa vizuri zaidi. Biblia ya Kigaeli inasema clann Israeil pale yetu inaposema wana wa Israeli.