Chungu cha wavu kwa bonsai: ni kitu gani na kinafanyaje kazi

Chungu cha wavu ni chombo chochote cha kupandia ambacho kuta zake na kitako chake ni matundu matupu, iwe umekikunja mwenyewe kwa wavu wa chuma, iwe ni chujio la plastiki la jikoni au kile kikapu kidogo cha plastiki watu wanachoweka sabuni na brashi bafuni. Kinatumika kwenye ile miaka ambayo mti wa bonsai, yani mti unaolelewa ubaki mdogo ndani ya chungu, bado unalelewa, shina linanenepa, mizizi inapangwa. Ile sahani ya udongo unayoiona kwenye picha za bonsai za Japani ni ya mwisho kabisa, mti ukishaiva ndo unahamia huko, na naona wadau wengi hapa Tanga wanaanza na hiyo ya mwisho, wananunua chungu kizuri kifupi wanapanda mche mwembamba kama penseli afu wanasubiri unenepe. Hautanenepa humo, au utachukua miaka mingi sana, mana mizizi haina nafasi.

Sasa kwa nini wavu na sio ndoo iliyotobolewa chini? Jibu lipo kwenye ncha ya mzizi.

Mzizi unarefuka kwa ncha yake. Kwenye ndoo au chungu cha kawaida ncha ikigonga ukuta inageuka inaufuata, inazunguka, inazunguka tena, na ukiutoa mti baada ya misimu kadhaa unakuta mizizi minene michache mirefu imejisokota pembeni na katikati karibu na shina hakuna kitu. Kwenye wavu ncha ikifika kwenye tundu inakutana na hewa kavu na mwanga, inakauka palepale inakufa. Ikishakufa, mzizi ule hauna tena pa kurefukia kwaiyo unatoa matawi nyuma yake, na yale matawi nayo yanafika kwenye tundu yanakauka, yanatoa mengine. Ni kama kisamvu, ukichuma ncha kinachipua pembeni, ukichuma tena kinazidi kufunga, ila hapa anayechuma ni hewa na anachuma kila siku bila wewe kugusa kitu. Mwisho wake unapata bonge la mizizi midogomidogo mingi iliyojaa karibu na shina, na hiyo ndo mizizi bonsai inayoitaka, kwa sababu siku ya kuhamia kwenye ile sahani yenye kina cha sentimita nne tano utakata sehemu kubwa ya mizizi ya chini, na mti wenye mizizi midogo mingi juu unavumilia kukatwa hivo ila wenye mizizi minne minene ya kuzunguka unaweza kukufia.

Wazo lenyewe halikuanzia kwenye bonsai. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani, mtafiti wa miti Carl Whitcomb alikuwa anaotesha miche kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa kitako na kuinuliwa juu ya waya, mzizi mkuu ukitokeza chini unakauka na mche unatoa mizizi ya pembeni kwa wingi. Na hapa kwetu mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miti anajua shida ya viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea, mche ukikaa muda mrefu mizizi inajizungusha chini ya kiriba au inatoboa inaingia ardhini, ndo mana wanaviinua na kuikata mara kwa mara. Chungu cha wavu kinafanya kazi ile ile, tena pande zote.

Faida nyingine ni hewa ndani ya udongo wenyewe. Mizizi inapumua, na udongo uliotota muda mrefu unaifanya ioze. Kwenye wavu maji ya ziada yanatoka papo hapo na yale yanayobaki chini yanakauka haraka sababu upepo unapita kila upande. Kwa masika yetu haya ya Machi mpaka Mei, mvua inapiga siku tatu mfululizo, hilo peke yake linaokoa mti.

Vifaa havina gharama ya kutisha. Kwenye maduka ya hadiwea pale Ngamiani wavu unauzwa kwa mita, wewe tafuta wa miraba uliochomelewa wenye tundu la robo inchi, yani kama milimita 6. Wa nusu inchi pia unafaa ukiweka kitu kwa ndani. Wavu wa kuku ule wa matundu makubwa achana nao, unalegea na mchanganyiko wote unamwagika, na wavu wa mbu wa dirishani ni laini mno kusimama wenyewe, labda uutandike chini tu. Uliza kama umepakwa zinki, hili ni muhimu sana kwa Tanga, sababu chumvi ya bahari ipo hewani na mtu anayekaa Raskazone au Sahare wavu mtupu utamlia kutu upesi sana. Ukiwa na mita moja ya wavu wenye upana wa futi 3 unapata vyungu vinne vya sentimita 20 kwa 20 na vipande vinabaki. Na ukipita kwa mafundi wa madirisha na mageti mara nyingi wana vipande wanavitupa, omba.

Kukikunja ni hivi. Kata kipande cha mraba sentimita 40 kwa 40. Pima sentimita 10 kutoka kila ukingo uweke alama kwa chaki, utaona mraba wa 20 katikati na miraba midogo minne kwenye pembe. Kwenye kila pembe kata mstari mmoja tu wa urefu wa sentimita 10, usiutoe ule mraba mdogo, uache uning'inie upande mmoja. Afu weka ubao kwenye mstari, kunja kuta nne zisimame, vile vipande vya pembe vinalala nyuma ya ukuta wa jirani, funga na bandingi waya ule wa mafundi nondo, sehemu mbili tatu kila pembe, kaza na plaizi. Basi, una sanduku linaloingia kama lita 4 za mchanganyiko. Unapokata pitisha mkasi wa bati karibu kabisa na waya unaokatiza ili usiache miiba, na ukingo wa juu ukunje kwa nje, mana waya ule unachana mkono vibaya kila ukimwagilia. Vaa glavu.

Mtu asiyetaka kukunja achukue chujio la plastiki, linafanya kazi vizuri tu. Mimi bado napendelea la waya kwa sababu moja kubwa: siku ya kuutoa mti unakata bandingi waya, unafungua kuta nne zinalala chini, na bonge la mizizi linabaki zima mbele yako. Kwenye chujio inabidi uvute, au ulipasue.

Ndani usijaze udongo wa shambani, utafumka na maji utoke wote kwenye matundu, na utakaobaki utashikana. Unataka chengachenga. Tofali la kuchoma lililovunjika, liponde, chekecha ubakize za milimita 3 mpaka 6, osha vumbi lote litoke, hiyo iwe nusu. Robo mkaa uliopondwa saizi hiyo hiyo, robo mboji iliyooza vizuri au usumba wa nazi uliokatwakatwa. Kwa wavu wa nusu inchi, na hata wa robo inchi mana chenga ndogo zinapita, tandika kwanza kipande cha gunia la katani, Tanga hatulikosi, linashika mchanganyiko mpaka mizizi ishikamane, afu lenyewe linaoza taratibu na matundu yanabaki wazi.

Kokoto nazo ziangalie. Ukanda wetu huu umejaa mawe ya chokaa, ndo mapango ya Amboni yalivyotokea na ndo mana kiwanda cha saruji kipo Pongwe, kwaiyo kokoto utakazookota mtaani zinaweza kuwa chokaa tupu. Chukua jiwe moja, likwangue kidogo litoke unga, dondoshea siki au ndimu, sogeza jicho karibu. Ukiona vipovu vidogo vinachemka juu ya ule unga, hilo ni la chokaa, usiliweke kwenye chungu. Chokaa inafanya mti ushindwe kupata madini ya chuma hata kama yamo, majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake imebaki kijani, na utamwaga mbolea mpaka uchoke.

Ugumu wa chungu cha wavu ni maji, na sitaki mtu adanganyike kwenye hili. Kinakauka haraka kuliko chungu chochote. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, jua kali na upepo, kumwagilia ni asubuhi na jioni bila kuruka, na unamwagilia mpaka maji yatoke chini, sio kulowesha juu tu. Kama unasafiri safiri na hakuna wa kumwachia, kusema kweli chungu hiki hakikufai. Upande unaopigwa na jua la mchana ndo unaoanza kukauka, uzungushie kipande cha gunia au geuza chungu kila wiki. Maji ya kisima yenye magadi au chumvi usiyatumie, kingo za majani zitaungua, kinga mvua kwenye mapipa masika na vuli. Mbolea pia inapita na maji, kwaiyo weka kidogo kidogo mara nyingi. Samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, kwenye vifuko vidogo vya kitambaa juu ya udongo, inatosha.

Mti nao ufunge. Pitisha waya kwenye matundu ya chini uubane kwenye bonge la mizizi, kwa sababu ukitikiswa na upepo wa kusi vile vizizi vipya vinakatika kila siku na mti unadumaa bila kujua kwa nini. Afu chungu kikae juu ya matofali mawili, hewa ipite chini.

Kwa miti ya kuanzia, mkwaju ni mzuri mno, majani madogo, unavumilia jua na kukatwa. Bogenvilia nayo, ile mikuyu midogo ya ua inayopandwa mbele ya nyumba, na mbuyu ambao unachukia kabisa kukaa kwenye maji.

Kuna wanaokiweka chungu hiki makusudi juu ya ardhi, au ndani ya ndoo kubwa yenye udongo. Hapo mizizi inapita kwenye matundu inakimbilia nje, mti unapata nguvu nyingi na shina linanenepa kwa kasi, afu shina likifika unapotaka unakata ile mizizi iliyotoroka sawasawa na ukuta wa wavu, huku ile ya ndani inaendelea kuulisha mti. Ila hiyo iliyotoroka usiiache mpaka iwe minene kama kidole, itanyongwa na waya pale kwenye tundu na utapata shida kuutoa. Chungulia chini kila baada ya miezi michache, inua chungu uone imefikia wapi, na baada ya kukata uuweke mti kivulini wiki mbili tatu kabla ya kuurudisha juani.