Setilaiti za GPS hazikuoni
Kwa miaka mingi, Mbeya kama kwingineko, watu wameamini kwamba setilaiti za GPS, mfumo wa kutambua mahali ulipo, hututazama kutoka juu na kujua kila simu ilipo. Si kweli. Setilaiti hizo, zilizo kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, hutangaza tu muda na mahali zilipo, mithili ya kituo cha redio. Hazipokei chochote kutoka kwenye simu yako.

Hesabu yote hufanywa na simu. Hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri, kisha hupata umbali. Zinahitajika setilaiti nne: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kurekebisha saa ya simu, maana kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Kwa kuwa simu hujifanyia hesabu yenyewe, mkulima wa viazi kwenye miteremko ya Mlima Rungwe hujua alipo hata pasipo na mtandao. Kinachoweza kutumia GPS kukufuatilia ni programu inayotuma taarifa hiyo kwa intaneti, na hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini.

Mfumo wa taarifa za kijiografia huchukua latitudo na longitudo zilizopatikana kwa GPS na kuzipanga pamoja na tabaka za udongo, mito na barabara. Hapa pana mtego. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, shamba la Uyole huhama takriban mita 300, na jirani huonekana amevamia mpaka wakati hakuna aliyegusa bikoni.