Nyaya za meno zikikazwa sana, meno hunyooka upesi?

Wengi wanaovaa nyaya za meno huamini kwamba kadiri zinavyokazwa na kuuma, ndivyo meno yanavyonyooka upesi. Imani hii inaeleweka, maana vitu vingi vizito husogea vikisukumwa kwa nguvu.

Lakini jino halijagandana na taya. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzi, mwembamba wa kama milimita 0.2, wenye seli nyingi na mishipa midogo ya damu. Jino likisukumwa taratibu, seli za upande unaobanwa huchochea mfupa ulike, na upande wa pili mfupa mpya hujengwa. Kazi hiyo inahitaji damu. Nguvu ikizidi, mishipa hubanwa na seli za hapo hufa. Jino hukwama, pengine kwa wiki kadhaa, hadi seli nyingine ziondoe tishu iliyokufa, na katika kuiondoa hukwangua pia tabaka la nje la mzizi. Ndivyo mzizi unavyolika, mara nyingi nchani, na kwa kawaida bila maumivu yoyote.

Kwa wengi huwa ni kidogo, na nguvu ikiondolewa ulikaji hukoma. Urithi, umbo la mzizi na urefu wa matibabu navyo huchangia.

Maumivu basi si kipimo. Mwombe daktari akuonyeshe picha ya eksirei ya kabla ya matibabu na nyingine ya miezi 6 hadi 12 baadaye, mkilinganisha mizizi ya meno ya mbele ya juu: je, ncha zimekuwa butu au fupi?